Bima ndogo si mali ya dereva, ni ya mpita njia

Nataka nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo naona wengi wetu, madereva na wasio madereva, hatulielewi sawasawa. Jambo lenyewe ni bima ya lazima ya magari, ile ambayo mitaani tumezoea kuiita "bima ndogo", na wengine huiita "thadi pati".

Mimi nilikuwa dereva wa malori kwa miaka 27 hadi nilipostaafu mwaka 2016. Nimeendesha kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, na kuvuka kwenda Zambia na Kongo, mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza bima ile ni ya nani. Nilijua tu kwamba isipokuwepo trafiki atanisimamisha, na ikiwepo nitapita. Nakiri kosa hilo mbele ya wasomaji, maana nilikuja kulitambua nikiwa nimekwisha shuka kwenye usukani.

Lililonifumbua macho ni mkasa wa jirani yangu. Mama huyu alikuwa akiuza ndizi na viazi kando ya barabara kuu, si mbali na ninapoishi. Jioni moja ya mwaka 2022 gari dogo lililokuwa likipita lori liliacha lami na kumfuata pale pale alipoketi. Mguu wake wa kulia ulivunjika mahali pawili. Mwenye gari hakukimbia. Alimpeleka hospitali, na siku ya tatu akaja na wazee wawili, akamwambia, "Mama, ajali haina kinga. Tusaidiane, yaishe." Alitoa shilingi 300,000, ikaandikwa karatasi kwamba pande zote mbili hazidaiani, naye mama akaweka dole gumba. Fedha zile hazikufika hata nusu ya gharama za matibabu.

Baada ya miezi kadhaa nilikwenda kumjulia hali, nikamkuta anatembelea gongo, mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwingine. Kijana wake mkubwa alikuwa ameacha shule, anabeba matofali kwa kutwa. Kijana yule alikuwa na picha ya gari ndani ya simu yake, na namba ikionekana vizuri. Tukaomba mtu mmoja anayejua mambo hayo atuangalizie. Ikaonekana kwamba siku ya ajali gari lile lilikuwa na bima halali kabisa!

Ndugu Mhariri, fikiri jambo hilo. Ipo kampuni iliyokwisha pokea fedha ili, likitokea jambo kama lile, mtu kama yule mama alipwe. Mwenye gari hakusema, pengine kwa kuwa naye hakujua. Polisi hakuna aliyemwambia. Hospitali hakuna aliyemwuliza. Alipoanza kuulizia, akatolewa ile karatasi yenye dole gumba lake, na tangu hapo mambo yakawa magumu. Alichopoteza mama yule si bahati, ni haki yake, na aliipoteza kwa sababu sisi sote tuliomzunguka tulidhani bima ya gari ni habari ya dereva na trafiki.

Sasa basi, tuanze na jina lenyewe, kwa sababu maana yote imo humo. Bima hii ni ya "mtu wa tatu". Mtu wa kwanza ni mwenye gari, anayelipa. Mtu wa pili ni kampuni ya bima, inayopokea. Mtu wa tatu ni yule ambaye hayupo pale kaunta wakati mkataba unaandikwa. Hajulikani jina, hajulikani anakaa wapi, na mwenyewe hajui kama mkataba huo upo. Anaweza kuwa mtoto anayetoka shule, mwendesha baiskeli aliyebeba mkaa, au mama wa ndizi. Huyo ndiye mwenye bima ile. Dereva anailipia tu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea wanaposema, "Nimelipa bima miaka kumi, sijafaidika na kitu." Bima ndogo haitengenezi gari lako likipinduka, wala haikulipi wewe dereva ukivunjika mkono kwa kosa lako mwenyewe. Anayetaka gari lake litengenezwe hukata bima kubwa, na hiyo ni hiari yake. Sheria haimlazimishi mtu kulinda mali yake mwenyewe. Inachomlazimisha ni kuwa na uwezo wa kumlipa mwenzake atakayemwumiza.

Kwa nini iwe lazima? Kwa nini watu wasiachiwe wakate kwa hiari kama wanavyofanya katika bima nyingine?

Tuangalie mifano yetu wenyewe. Karibu kila mtaa una chama cha kufa na kuzikana. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kujiunga, na bado watu wanachanga, kwa sababu kila mmoja anajua kwamba siku msiba ukibisha hodi kwake naye atachangiwa. Upatu nao ni hivyo hivyo. Mtu anatoa kwa moyo kwa kuwa zamu yake itafika. Lakini nani atachanga kwa moyo kwa ajili ya mtu asiyemjua, ambaye huenda asimgonge kamwe? Wachache sana. Pale kaunta yupo anayelipa, ambaye angependa kulipa kidogo au asilipe kabisa, na yupo anayepokea. Yule ambaye mguu wake uko hatarini hayupo kusema neno. Kwa hiyo sheria inaingia na kusema kwa niaba yake. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kulazimishwa, na nyingine zote zinaifuata hiyo.

Ipo sababu ya pili. Mtu wa kando ya barabara hawezi kuchagua nani amgonge. Tajiri mwenye nyumba tatu akimgonga, anaweza kumshitaki na nyumba moja ikauzwa kumlipa. Akigongwa na kijana wa bodaboda ambaye pikipiki yenyewe ni ya mkataba na chumba anachokaa ni cha kupanga, atamshitaki, atashinda, na hukumu ile ataitundika ukutani, maana hakuna cha kukamata. Je, ni haki kwamba malipo ya mguu wa mtu yategemee mfuko wa aliyemgonga? Bima inaondoa tofauti hiyo. Agongwe na gari la tajiri au la maskini, nyuma ya kila gari pawepo na kampuni yenye fedha.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Jimbo la Massachusetts huko Marekani lililazimisha bima ya namna hii kuanzia mwaka 1927. Uingereza ilifuata kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1930. Wakati huo nchi ile ilikuwa na magari na pikipiki kiasi cha milioni 2 na laki 3, na watu zaidi ya 7,000 walikufa barabarani katika mwaka huo mmoja. Watu walioumia walikuwa wanakwenda mahakamani na kushinda, kisha wanagundua kwamba dereva hana kitu.

Kulikuwa na ubaya mwingine ambao ni vizuri wasomaji waujue. Katika kesi moja ya Uingereza iliyochapishwa mwaka 1928, mtu aligongwa na gari la kampuni iliyokuwa na bima. Akashinda kesi. Kabla hajalipwa, kampuni ile ikafilisika. Kampuni ya bima ikatoa fedha, lakini mahakama ikasema fedha zile ni mali ya kampuni iliyofilisika, kwa hiyo zigawanywe kwa wadai wake wote. Aliyegongwa akapanga foleni pamoja na wenye madeni ya kawaida, akaambulia sehemu ndogo tu ya fedha zilizotoka kwa sababu ya mwili wake. Mwaka 1930 huo huo Bunge la nchi ile likatunga sheria nyingine kuziba tundu hilo, ili mwenye gari akifilisika, haki ya kudai bima imwendee aliyeumia. Ndipo ilipokubalika wazi kwamba fedha ya bima ya namna hii ni ya mtu wa tatu.

Sheria yetu, yaani Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ina asili yake katika sheria za wakati wa ukoloni zilizofuata mfano huo wa Uingereza. Majirani zetu wamefanya vivyo hivyo: Kenya wana sheria yao Sura ya 405, na Uganda walitunga yao mwaka 1989. Sheria yetu inakataza mtu kutumia gari barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Na wenye bodaboda na bajaji za mkataba wasikilize vizuri: inamkataza vile vile mtu kumruhusu mwingine alitumie bila bima hiyo. Usiseme, "Mimi simo, aliyekuwa anaendesha ni kijana." Ukimpa ufunguo, umo.

Sheria hiyo inaibana pia kampuni ya bima. Mtu akishapata hukumu dhidi ya mwenye gari aliyekatiwa bima, kampuni inatakiwa kuilipa, mradi masharti ya sheria yamefuatwa, likiwemo la kampuni kupewa taarifa ya kesi mapema. Si kila ugomvi kati ya kampuni na mteja wake unaweza kumnyima mtu wa tatu haki yake. Mara nyingi kampuni humlipa aliyeumia kwanza, halafu ikamgeukia mteja wake kudai kilichotoka kama alivunja mkataba. Hekima yake ni kwamba ugomvi wa watu wawili usimwumize wa tatu mara ya pili.

Najua yapo maneno ya kupinga, na si haki kuyapita kimya kimya.

Wapo wanaosema: "Mimi ni dereva mwangalifu, sijawahi kumgonga hata kuku. Kwa nini nichangie wazembe?" Nami niliwahi kusema hivyo. Lakini breki zinakatika kwa dereva mwangalifu pia. Tairi linapasuka. Mvua ya Kitonga haikuulizi umeendesha miaka mingapi. Tena hao waangalifu ndio wanaoufanya mfuko uweze kulipa. Tuchukue hesabu ya mfano tu. Magari 1,000 yakilipa shilingi 100,000 kila moja, zinapatikana shilingi milioni 100. Ikiwa kwa mwaka watu sita wataumizwa na magari hayo, na kila mmoja akahitaji shilingi milioni 12, zinatoka milioni 72, na zinazobaki zinaendesha kazi. Hakuna hata dereva mmoja kati ya wale sita ambaye angeweza kuzitoa milioni 12 mfukoni mwake. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa mwenye gari dogo, malipo ya mwaka mzima ya bima ndogo ni kiasi cha bei ya tairi moja. Mtu anayesema hana fedha ya bima lakini ana fedha ya mafuta, huyo ameamua kwamba akimgonga mtu gharama itabebwa na aliyegongwa.

Wengine husema: "Bima inawafanya madereva wazembe, maana wanajua kampuni italipa." Hoja hii ina uzito kidogo, lakini tusichanganye mambo. Bima inalipa fidia. Bima haifungwi jela kwa niaba ya mtu. Dereva aliyeua kwa uzembe atashitakiwa kwa jinai, awe na bima au asiwe nayo, na leseni yake inaweza kuondolewa. Na tuelewe pia kwamba faini anayotozwa dereva mahakamani inakwenda serikalini. Mama mwenye mguu uliovunjika haoni hata senti ya faini hiyo. Adhabu ni kitu kimoja na fidia ni kitu kingine, na watu wengi wa kawaida hudhani kwamba kesi ya trafiki ikiisha basi mambo yao nayo yamekwisha.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: "Kampuni hazilipi. Zinazungusha watu mpaka wanakata tamaa." Siwezi kusema ni uongo. Nimesikia malalamiko hayo kwa watu ninaowaamini. Tangu kuanzishwa kwa Shirika la Bima la Taifa mwaka 1963, na baada ya Sheria ya Bima ya mwaka 1996 kufungua milango kwa kampuni binafsi, bima ya gari imekuwa ndiyo bima pekee ambayo raia wengi wanaijua, na namna wanavyotendewa humo ndiyo wanavyoipima biashara yote ya bima. Kampuni inayomtaka mjane alete karatasi moja leo na nyingine mwezi ujao inajiharibia yenyewe na inawaharibia na wenzake. Lakini dawa ya kampuni inayozungusha watu haiwezi kuwa kuacha kukata bima. Ukiacha kukata, hata hicho cha kuzungushwa hakipo. Dawa ni kuibana kampuni, na vyombo vya kuibana vipo: ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, vyote chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Tuvitumie.

Sasa nije kwenye uovu unaoniuma zaidi, nao ni bima za kughushi. Zamani tulipokuwa tunabandika stika za karatasi kiooni, walikuwepo watu waliokuwa wanachapa zao na kuziuza kwa bei ya chini. Dereva aliyenunua alijiona mjanja. Je, alimwibia nani? Tumezoea kusema ameiibia kampuni, au ameiibia serikali kodi. Kwanza kabisa amemwibia mtu ambaye bado hajamgonga. Turudi kwenye hesabu yetu ya magari 1,000. Ikiwa 300 yana bima bandia, hayo 300 yanaendelea kugonga kama mengine, ila anayegongwa nayo hana pa kwenda. Siku hizi kumbukumbu za bima zimewekwa katika mfumo wa kompyuta wa TIRA, na mtu akiwa na namba ya gari anaweza kuhakiki kama lina bima halali. Hilo ni jambo jema sana. Sharti lake ni wananchi wajue kwamba haki ya kuhakiki ni yao pia, si ya trafiki peke yake. Hata wewe uliyelipa, hakiki bima yako, maana wapo wenye magari waliotoa fedha zao kwa nia njema na wakala wa uongo akawapa karatasi tupu.

Nilipokuwa kwenye njia ya Zambia nilijifunza jambo moja. Ukivuka mpaka ni lazima uwe na ile kadi ya njano ya COMESA, ambayo inafanya bima uliyoikata nyumbani itambulike katika nchi zilizo katika mpango huo, na Tanzania imo. Siku moja dereva mwenzangu alimgonga mwendesha baiskeli upande wa pili wa mpaka. Wakati tunahangaika, ndugu wa majeruhi walifika, na mzee mmoja kati yao jambo la kwanza alilouliza baada ya hali ya mgonjwa ni, "Kadi ya njano iko wapi?" Akaiandika namba yake kwenye kipande cha karatasi cha sigara. Nilishangaa, mtu wa kijijini kabisa! Leo naelewa kwamba mzee yule alijua kitu ambacho mimi, mwenye gari la magurudumu 22, sikukijua. Alijua kadi ile ni yao.

Basi natoa ushauri kwa wananchi wenzangu. Ndugu yako akigongwa, mfikishe kwanza hospitali. Halafu chukua namba ya gari, andika au piga picha. Ajali ifike polisi, na fomu ya PF3 ipatikane. Tunza kila risiti ya dawa na ya nauli. Uliza gari lina bima ya kampuni gani, na ukajulishe kampuni ile kwa maandishi. Usikae, kwa sababu madai haya yana ukomo wa muda kisheria. Na zaidi ya yote, usiweke saini wala dole gumba katika karatasi ya "hatudaiani" kabla hujajua mgonjwa atapona vipi na bima inasemaje. Anayetaka kukupa pole, mpokee kwa mikono miwili na umshukuru, maana utu ni kitu kizuri. Pole na fidia hazifanani, na mtu mwungwana hawezi kukukasirikia ukimwambia hivyo.

Kwa askari wetu wa usalama barabarani nina ombi moja. Mnapokagua bima mnafanya kazi kubwa. Lakini ajali inapotokea, tafadhali mwambieni majeruhi au ndugu zake, kwa maneno machache tu, kwamba gari hili lina bima ya kampuni fulani na wanayo haki ya kudai. Maneno hayo hayachukui hata dakika mbili. Kwa hospitali vile vile: ubandikwe tangazo kwa Kiswahili chepesi pale wanapopokelewa majeruhi, lieleze hatua hizo. Kwa vyama vya bodaboda na vya wenye mabasi: somo hili liingizwe katika mikutano yenu, maana mwanachama anayejua kwamba bima yake itamlipa mgonjwa hana sababu ya kukimbia.

Nimetaja kukimbia. Linabaki tundu moja ambalo bima peke yake haiwezi kuliziba. Gari likigonga na kutokomea gizani, au likiwa halina bima kabisa, aliyegongwa anadai kwa nani? Nchi nyingine zimelifikiria hilo. Uingereza kampuni za bima ziliunda chombo chao mwaka 1946 cha kuwalipa waliogongwa na magari yasiyo na bima, na baadaye kikawashughulikia hata waliogongwa na magari yasiyojulikana. Rwanda wana Mfuko Maalum wa Dhamana kwa kazi kama hiyo. Afrika ya Kusini wanakata kidogo katika kila lita ya mafuta inayouzwa na kuweka katika mfuko wa ajali za barabarani, ingawa mfuko wao nao umepata matatizo mengi ya fedha. Naomba wataalamu wetu waipime mifano hiyo, waone lipi linatufaa na lipi halitufai.

Tusisahau kwamba jambo hili ni kubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1 na laki 1 na 90,000 walikufa katika ajali za barabarani duniani, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Yaani wengi wanaokufa ni wale wasio na chuma cha kuwakinga. Katika nchi kama zetu, mtu wa namna hiyo akivunjika mguu, nyumba nzima inavunjika.

Mwisho, Ndugu Mhariri, tuendelee kusema kwamba ajali haina kinga, maana ni kweli. Lakini yule aliyewahi kusema hivyo mbele ya kitanda cha jirani yangu alikuwa na bima ya kumlipa, na hakuitaja. Kinga ya ajali haikuwepo, malipo yake yalikuwepo. Natoa wito kwa kila mwenye chombo cha moto: lipa bima yako, ihakiki, na siku ikitokea bahati mbaya, itaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Mama yule bado anauza ndizi, siku hizi mlangoni kwake, kwa sababu hawezi tena kufika barabarani.



Dereva Mstaafu,
Morogoro.